Maharage Yangu Hayana Madoa

Jumatatu, 15 Aprili 2002

Mvua asubuhi, jua mchana. Mgongo unauma upande wa kushoto tu. Nashukuru. Ungeuma wote, nani angelima?

Careen yupo tangu Alhamisi. Mtoto wa marehemu binti yangu Ida, nimemlea mimi mwenyewe tangu anatambaa. Sasa yuko chuo cha kilimo Morogoro, anasomea magonjwa ya maharage. Magonjwa! Nimemlisha maharage miaka yote hiyo, hajawahi kuumwa hata tumbo.

Ameandika makala kwa Kiingereza, itachapwa kwenye jarida la wanasayansi huko ng'ambo. Mwalimu wake anasafiri Jumanne ijayo, anaipeleka kwa mkono wake. Picha zote lazima zimfikie Morogoro kabla ya Jumatatu kwisha. Zisipofika, makala haiendi. Makala isipokwenda, nafasi ya Careen ya kuendelea na masomo anapewa yule aliye nyuma yake kwenye orodha. Ameniambia mara tatu. Nikamwambia nimesikia, mimi ni mzee, si kiziwi.

Leo akanionyesha picha yenyewe, imechapwa kwenye karatasi. Kushoto jani zuri, la kijani, limenyooka kama shati la Jumapili. Chini yake herufi A. Kulia jani lenye madoa, kama limepigwa ndui. Herufi B.

Nikauliza A limetoka wapi. Akasema kwa Bibi Emerensiana, jirani. Nikauliza B limetoka wapi. Akainama kufunga kamba ya kiatu.

Amevaa ndala.

Kwa hiyo jani gonjwa ni langu. La Emerensiana ndilo zima! Tumepakana kwa mfereji tu tangu mwaka sabini na moja, na miaka yote hiyo mimi ndiye ninayejulikana kwa maharage. Yeye juzi tu amepewa mbegu za kisasa na mabwana shamba, tayari ni A. Wazungu watafungua kitabu watasema huyu mama anajua kulima. Halafu macho yatahamia kulia.

Careen anasema hakuna jina lililoandikwa. Nikamwambia jani langu nalijua hata bila jina, na Emerensiana analijua.

Alipokwenda mjini nikaingia shambani. Nimeng'oa yote yenye madoa, mistari sita. Nimechoma. Shamba sasa linapendeza, ingawa ni dogo.

Kisha nikakumbuka bahasha ya kaki ya Careen. Ndani kuna picha ya kamera ya lile jani langu, iliyosafishwa studio. Nikachukua kitambaa, maji ya uvuguvugu, sabuni ya mche kidogo. Nilidhani doa litatoka. Limetoka. Jani nalo limetoka. Kimebaki kidole changu mimi, nililishika jani likizo iliyopita, Careen alipolipiga picha bila kusema ni ya nini. Kidole kimetakata sana.

Nimeirudisha kwenye bahasha. Namshukuru Mungu Careen hakuwepo.

Jumanne, 16 Aprili

Nimekwenda kwa Osmund. Huyu ana steshenari karibu na stendi. Zamani alikuwa karani wa chama cha ushirika, mtu wa kalamu tatu mfukoni. Ushirika ulipokufa na kila mtu akaambiwa ajitafutie, yeye akanunua kompyuta, mashine ya kutoa kopi na ile yenye kioo cha kunakilia picha, anaita skana. Tumbo limeota. Akiinama anahema. Mtu mwema.

Nilimpelekea mkungu wa ndizi. Nikamwambia si hongo, ni ndizi.

Picha ya Careen imo kwenye kompyuta yake tangu Jumamosi. Careen amebandika karatasi juu ya kioo: PICHA YA CAREEN ISIGUSWE. Nimeisoma vizuri, darasa la nne la masista halikuwa mchezo. Nikamweleza Osmund kwamba karatasi hiyo ni kwa ajili ya watu baki. Mimi ni bibi yake.

Akasita. Akazitazama ndizi. Akakaa.

Kazi yake ni ya ajabu. Anachota kijani kutoka mahali pazima, anakipaka juu ya doa. Ni kuweka kiraka, ila huu hauonekani. Mimi nilisimama nyuma nikimwelekeza kwa fimbo. Lile. Na lile karibu na mshipa. Umeruka moja, usiwe mvivu. Saa nzima. Mwisho jani langu limetakata hata kuliko la Emerensiana. Nilitokwa na machozi kidogo, nikasingizia wino.

Halafu Osmund akataka kuongeza wema. Akasema picha ya Careen imehifadhiwa kwa namna inayoitwa TIFF. Hiyo inatunza kila nukta, haitupi kitu, ndiyo maana ni nzito mno, haiingii kwenye flopi. Flopi ni kile kisahani cha plastiki cha kubebea. Kuna namna nyingine, JPEG. Hiyo inabana picha, inatupa vile vitu ambavyo inadhani jicho halitavihitaji. Inakuwa nyepesi, inaingia. Ila ukiifungua ukaihifadhi tena, inatupa tena.

Nikamwambia basi TIFF ni dona, unga na pumba zake, na JPEG ni sembe iliyokobolewa.

Akasema miaka miwili anawaeleza walimu wa sekondari jambo hilo na hakuwahi kulifikiria hivyo. Nikamwambia hao hawajatwanga.

Nikamwambia weka sembe. Sembe ni nyeupe, ndiyo ya wageni. Akaweka sembe kwenye flopi, na lile dona akalifuta kwa sababu kompyuta imejaa barua za watu. Careen atakuta mzigo umeshafungwa, hana la kuhangaika.

Nashukuru kwa Osmund. Nashukuru kwa siku hii. Nimelala mchana, jambo nisilofanya.

Jumatano, 17 Aprili

Careen amekwenda kukagua picha. Nikamsindikiza, nikitaka kuona anavyofurahi.

Hakufurahi. Aliitazama muda mrefu. Osmund akaanza kukagua dari. Careen akasema kwa sauti ndogo kwamba hii siyo picha yake. Osmund akasema huenda ni kirusi. Nikamuunga mkono. Nikasema hata mimi nimesikia kuna kirusi kimeingia Songea.

Careen akasema kirusi kinachoponya maharage anakitaka sana, kitampa shahada mbili.

Akaikuza picha. Ikawa vijumba vijumba, kama sakafu ya vigae. Pembeni mwa zile herufi ukungu, kama taa ya gari kwenye mvua. Akasema huo ukungu ni kazi ya JPEG, na mchoro wenye maandishi na mistari ndio unaoharibika zaidi. Akauliza TIFF iko wapi. Osmund akajibu haraka kwamba anaitengeneza sasa hivi. Akaichukua ileile JPEG, akaihifadhi kwa jina la TIFF. Ikawa nzito kweli. Ukungu ukabaki palepale.

Mimi nikaropoka kwamba huyo amemwaga sembe kwenye gunia lililoandikwa dona, pumba hazirudi.

Careen akageuka, akauliza nimejifunza wapi hayo. Nikasema redioni.

Njiani akaniambia jambo ambalo sikulipenda. Katika sayansi, anasema, unaweza kuongeza mwanga wa picha, lakini uongeze kwa picha nzima na useme umefanya hivyo. Kufuta doa moja ni sawa na kufuta jina la mtu kwenye kitabu cha ubatizo. Mwalimu akigundua, hafukuzi picha. Anafukuza mwanafunzi. Watu huko wanazikuza hizo picha, wanahesabu madoa, wanapima.

Wanahesabu! Watu wazima, wana mishahara.

Akasema si kitu, atanakili upya ile picha ya kamera iliyoko kwenye bahasha. Filamu yake iko Morogoro, lakini bahasha inatosha. Nikasema tule kwanza. Nikaingia ndani mbele yake, bahasha nikaichimbia kwenye debe la pumba za kuku.

Tumeitafuta hadi jua limezama. Nimemsaidia kwa moyo wote. Nimetafuta kila mahali ambapo haipo.

Mtoto hakula vizuri. Uso wake ni uleule wa Ida akiwa na jambo. Sikupenda kuuona.

Lakini nina mpango.

Alhamisi, 18 Aprili

Nilikuwa mlangoni kwa Osmund kabla hajafungua. Nikamwambia ayarudishe madoa.

Akasema kilichofutwa na kuhifadhiwa hakirudi. Nikamwambia basi chora. Akasema, Mama, naogopa. Nikamwambia alipaswa kuogopa Jumanne.

Akachora. Rangi ya kahawia, mviringo, safi. Nikamwambia kumi na moja yanatosha. Yalikuwa zaidi ya arobaini, lakini hakuna sababu ya kutia chumvi. Nikayapanga mwenyewe kwa fimbo ili jani lisielemee upande mmoja. Kwa kweli lilipendeza. Ungeweza kulishona kitenge.

Careen akaja saa tatu. Osmund akamwambia, huku anatazama kalenda, kwamba picha imepatikana.

Careen akavuta kiti. Akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta. Akahesabu moja moja mpaka kumi na moja. Kisha akacheka, na kicheko kikakatika katikati kama kamba.

Akasema, "Bibi, ugonjwa huu unaitwa madoa pembe. Unajua kwa nini?"

Nikasema sijui.

"Kwa sababu kila doa lina pembe. Likifika kwenye mshipa wa jani linazuiwa, linakata kona. Halijawahi kutokea la mviringo duniani. Haya umeyapanda wewe."

Osmund akasema yeye alitumwa tu. Mwanaume na tumbo lake lote! Nikamwambia anyamaze, nikasema yote. Kufuta. Sembe. Bahasha. Sabuni. Niliyasema nimesimama wima, fimbo mkononi, maana sikutaka ionekane naomba huruma.

Careen akatoka nje, akakaa kwenye ngazi ya steshenari. Alilia bila sauti. Ningependa apige kelele. Mtu akipiga kelele unaweza kumwambia apunguze.

Nikakaa karibu yake. Watu wa stendi wakapita wakiniamkia, shikamoo Bibi, nikaitikia marahaba, marahaba, kama vile hakuna kitu. Wapiga debe wanaita abiria wa Mbinga. Mimi nawaza jinsi nilivyouza mabati ya jiko la nje ili huyu mtoto aanze sekondari. Sikumwambia. Si wakati wake.

Nikasema, "Sikutaka wakuone umetoka kwenye shamba baya."

Akafuta uso kwa kiganja. Akasema shamba siyo baya, mbegu imechoka, na ndiyo makala yenyewe inavyosema. Kwamba watu wanaishi na mbegu iliyochoka kwa sababu ni nzuri kinywani na ina kumbukumbu, na wasaidiwe bila kutukanwa. Ameandika hivyo kwa Kiingereza. Mimi sikujua. Nilitazama picha tu.

Halafu akapata wazo. Hatuhitaji kamera wala bahasha. Twende shambani tukachume jani jingine gonjwa, tulilaze lenyewe juu ya kioo cha skana, Osmund alinakili likiwa bichi. Akasimama, akanishika mkono, macho yamerudi kung'aa.

Ikabidi nimwambie habari za moto.

Akakaa tena.

Ijumaa, 19 Aprili

Basi la Careen ni kesho alfajiri. Jana jioni tumezunguka mashamba ya karibu. Kila mtu anasema maharage yake hayaumwi, asante. Mmoja amejifungia ndani alipotuona. Bila shaka yanaumwa. Watu wa siku hizi wana kiburi sana.

Leo kumepambazuka nikaona imebaki njia moja. Nikavuka mfereji. Huwa nauvuka kwa misiba tu.

Emerensiana alikuwa barazani anapepeta mchele. Akaniona, ungo ukasimama. Akauliza nani amekufa.

Nikasema hajafa mtu. Nikasema, "Emerensiana, una maharage yenye ugonjwa?"

Akaweka ungo chini taratibu. "Mama Ida, umeamka alfajiri yote hii kuja kunitukana?"

"Nimekuja kuomba. Kama unayo, nipe. Nimeyachoma ya kwangu na mtoto anaharibikiwa."

Nikamweleza yote. Nilipofika kwenye sabuni akafunika mdomo kwa kanga. Kwenye yale kumi na moja ya mviringo akashindwa, akacheka mpaka akashika nguzo. Mimi nikasubiri. Mwombaji husubiri.

Akaniongoza nyuma ya jiko lake. Pale, pamefichwa na matete, mistari miwili ya maharage. Madoa mpaka kwenye vikonyo! Sijawahi kufurahi hivyo. Nikauliza mbegu hii mbaya kaitoa wapi.

Akasema, "Ni yako. Ulinipa kopo zima mwaka tuliomzika Rupert, nilipokuwa sina kitu cha kupanda. Yanaumwa kila mwaka. Lakini siwezi kula mengine siku ya kumkumbuka."

Rupert ni mume wake. Mimi nilikuwa nimesahau lile kopo. Nimesahau kabisa.

Nikauliza kwa nini basi hakumwonyesha Careen. Akasema mtoto angeuliza mbegu imetoka wapi, na yeye angelazimika kusema, na mimi ningeaibika. Kwa hiyo akaziba na matete.

Nikamshikia matete apite. Naandika hapa kwa sababu haijawahi kutokea.

Tulichuma majani matano, tukayafunga kwenye jani la mgomba lenye umande. Akachuma na majani mazima kutoka shamba lake jipya, maana Careen alitaka A na B zinakiliwe pamoja, mwanga mmoja. Akayachagua muda mrefu. Nikaona anatafuta lililo zuri zaidi. Sikusema kitu, ingawa ilinigharimu.

Kwa Osmund hakuna umeme. Umekatika saa mbili. Majani yananyauka kwenye bakuli, Careen anayanyunyizia maji kwa vidole kama padri. Saa tano umeme ukarudi. Osmund akafanya kazi bila kusema hata neno moja, jasho linamtiririka. Careen akalaza majani kwenye kioo, pembeni akaweka rula ili mtu wa mbali ajue ukubwa wake. Nukta mia sita kwa kila inchi. Nikaona tope kidogo kwenye jani la kulia, nikanyoosha kanga nilipanguse. Careen na Osmund wakasema "Acha!" kwa pamoja.

Nimeacha.

Likatokea kwenye kompyuta. Madoa yana kona kweli, yamebanana kati ya mishipa kama viwanja vilivyopimwa na watu wa ardhi. Nimelima maharage miaka hamsini, sikuwahi kuliona hilo. Nilikuwa naona aibu tu.

Careen akaihifadhi kwa TIFF, dona tupu. Akakata kingo, akaweka herufi, akaandika pembeni kila alichofanya. Kwenye nakala nyingine, siyo kwenye ile ya kwanza. Ile ya kwanza, anasema, haiguswi hata na Papa.

Sasa ubebaji. Mzigo mzito, flopi ni kijiko. Kuna mashine moja tu tunayoijua ya kuandika CD, iko misheni kwa Bruda Polikarp, anarekodia nyimbo za kwaya. Picha imo ndani ya kompyuta ya Osmund. Basi Osmund akafunga duka mchana kweupe, akachomoa nyaya, akalikumbatia lile boksi kama mtoto mwenye homa. Tukalifunika kanga yangu. Tukapanda nyuma ya pikapu, mimi, Careen, Osmund na boksi. Kila shimo Osmund analiambia boksi pole.

Bruda Polikarp ana miaka themanini na hasikii vizuri, lakini mikono haitetemeki. CD ya kwanza ikaharibika. Nikaanza rozari. Ya pili ikakubali. Akaandika ya tatu kwa akiba. Careen akaifungua moja mbele yetu, akaikuza, akahesabu madoa: arobaini na sita. Akahesabu tena. Arobaini na sita. Akamkumbatia Bruda, ambaye hakuzoea.

Nikauliza tumpe nini. Akasema maharage. Yale matamu ya zamani, kama bado yapo. Osmund na Careen wakatazama pembeni.

Nashukuru kwa Osmund, ingawa ni mwoga. Nashukuru kwa Bruda. Nashukuru kwa umeme uliorudi. Kwa Emerensiana nashukuru, na kalamu imeandika hivyo yenyewe.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimemsindikiza Careen stendi. Baridi ya Songea alfajiri inaingia mpaka kwenye meno. CD moja kaifunga kifuani, nyingine iko katikati ya nguo.

Nikamwambia anisamehe. Sijui kulisema vizuri neno hilo, lilitoka kama amri. Akacheka, akasema amesamehe tangu kwenye pikapu, aliponiona nimelifunika boksi kwa kanga yangu ya Pasaka.

Akasema mwishoni mwa makala kuna mahali pa shukrani, ataandika majina yetu wote wawili, mimi na Emerensiana. Nikauliza nani anaanza. Akasema kwa mpangilio wa herufi. Emerensiana, halafu Fausta.

Nikamwambia nina jina jingine la ubatizo, Agatha.

Akauliza tangu lini. Basi likaondoka.

Jumatano, 8 Mei

Osmund ametuma mtu mbio: Careen atapiga simu saa nne, kwa simu ya steshenari. Nikaenda na viatu vya kanisani. Emerensiana akaja pia, hakualikwa, nikamsogezea kiti.

Mwalimu amesafiri na picha. Walioipokea huko wamesema ni picha safi, kila doa linaonekana, wanaisoma bila shida. Makala imepita. Nafasi ya Careen imethibitishwa, ataanza Septemba. Nilimpa Emerensiana mkono wa simu. Yeye naye akampa Osmund. Osmund akasema halo, halo, akalia yeye.

Nimepiga magoti nyumbani, magoti yote mawili, bila kuyahurumia. Nimemtajia Mungu majina yao mmoja mmoja. Kwa nafasi ya mtoto, asante. Kwa watu niliopewa wa kunivumilia, asante. Sistahili, ila kidogo nastahili.

Kuna jambo jingine Careen alisema. Mwalimu wake amevutiwa, anakuja mwenyewe mwezi ujao na mgeni kutoka ng'ambo, wanataka kutazama mihogo yangu ya kule bondeni. Careen amesema mara nne: wanaitaka kama ilivyo, Bibi, pamoja na ile yenye ugonjwa wa batobato, wala usiguse kitu. Nimemwahidi. Nimeelewa kabisa. Sayansi inataka ukweli, dona, na pumba zake. Hata Osmund ningeweza kumfundisha.

Lakini mtu anayetoka mbali namna hiyo, anayemsaidia mtoto wangu, siwezi kumpokea kwa mihogo iliyokunja uso. Shukrani gani hiyo?

Leo jioni nimeshuka bondeni na jembe. Emerensiana alikuwa ameshatangulia na la kwake. Hatukuulizana. Tumeanza kung'oa ile iliyojikunja zaidi.